Mashine Ilipima Muda, Watu Wakachimba Mita

Kisa hiki ni cha kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Bwejuu na Makunduchi. Jina la kijiji na la kampuni iliyoitwa kufanya kazi sitayataja. Waliohusika wanajuana, na ninalotaka kulichambua ni hesabu, maana hesabu ndiyo iliyowakosesha watu maji kwa muda mrefu kuliko ilivyostahiki. Vipimo vyote nimevitoa kwenye daftari la msaidizi wa fundi, kijana mwenye tabia njema ya kuandika kila kitu na kupiga picha kila shimo kabla halijafukiwa.

Maji ya kijiji huvutwa na pampu iliyoko maweni, nyuma ya nyumba za mwisho. Umeme wake hutoka kwenye kabati lililo chini ya transfoma, kando ya barabara, ukapita kwenye kebo iliyozikwa. Asubuhi moja pampu ilizima. Fyuzi zilibadilishwa, zikaungua papo hapo. Fundi wa kijiji alifungua kebo ncha zote mbili, akapima waya mmoja mmoja, akakuta waya wa fezi moja umegusana na vyuma vinavyoizunguka kebo kuilinda. Shoti. Ilikuwa mahali fulani katika mita 640 za kebo, chini ya jiwe.

Chini ya jiwe nasema kwa maana yake hasa. Anayelima Mwera au Kizimbani akiambiwa "tuchimbe tuione" huenda asishtuke, kwa kuwa huko jembe linazama. Uwanda wa mashariki ni mwamba wa matumbawe wenye udongo haba juu yake. Mtaro wa kebo hii ulichongwa kwa mtaimbo, tindo na nyundo, kisha ukafukiwa kwa mchanga na kifusi kilekile cha mawe, ambacho kwa miaka kimeshikana upya. Shimo la kina cha kiuno na urefu wa mita 3 ni kazi ya vijana wanne kutwa nzima. Mahali pa kuchimba hapabahatishwi huko, na ndiyo maana kamati ya maji ilichangisha fedha nyumba kwa nyumba ikaita watu wenye mashine. Wakati wote huo kina mama walirudi kwenye kisima cha zamani karibu na pwani, ambacho maji yake yana chumvi na hayafai hata kupikia chai.

Mashine yenyewe mafundi huiita TDR. Hufungwa kwenye ncha ya kebo isiyo na umeme, hutuma ndani yake pigo fupi mno la umeme, kisha husubiri. Pigo likikuta mahali ambapo kebo imebadilika, sehemu yake hurudi ilikotoka, kama sauti ya mtu aliyeita pangoni. Kebo ikiwa imekatika au imefika mwisho, mstari kwenye kioo hupanda. Kukiwa na shoti, kinachorudi kimegeuzwa na mstari huzama. Mashine hupima muda uliopita tangu pigo lilipotoka hadi liliporudi, na hapo kazi yake ya kupima imekwisha. Ile namba ya mita inayotokea kwenye kioo imepatikana kwa kuzidisha muda huo kwa mwendokasi ambao mtu ameuingiza mwenyewe, na kugawa kwa mbili kwa kuwa pigo limekwenda na kurudi.

Kwenye waya wenye shoti, pigo lilirudi baada ya mikrosekunde 4.13. Mikrosekunde moja ni sekunde iliyogawiwa mara milioni. Kioo kikaandika mita 409.

Hapo bahati mbaya ikavaa sura ya ushahidi. Mchoro wa zamani wa kamati ulionesha kwamba kebo ina jointi, yaani mahali vipande viwili vya kebo vilipoungwa, karibu na mita 400. Kila fundi wa kebo atakwambia jointi ndiyo hufa kwanza, kwa sababu imefungwa kwa mkono na unyevu hupenya hapo kabla ya kwengine kokote. Mashine inasema 409, mchoro unasema 400, na tofauti ya mita 9 inaweza kumezwa na mikunjo ya kebo. Fundi mkuu alimwendea sheha akamwambia, "Tumelipata tatizo, Sheha. Jointi imekula maji." Sheha akamwuliza kama ana hakika. "Mashine imeonesha yenyewe," akajibu.

Wakachimba. Jointi ilikuwa kavu, resini yake haina hata ufa, na vipimo vilibaki vilevile. Vifaa vya kufungia jointi mpya vilikuwa mjini, kwa hivyo hawakuikata. Kijana alipiga picha jointi na kebo zilizoingia kutoka pande zote mbili, na shimo likaachwa wazi. Picha hiyo itarudi.

Tuiangalie namba iliyokuwa imeingizwa kwenye mashine. Ilikuwa 0.66. Maana yake ni kwamba pigo linakwenda kwa 0.66 ya mwendokasi wa mwanga kwenye ombwe, yaani mahali patupu pasipo hata hewa. Mwendokasi huo ni mita 299,792,458 kwa sekunde, na tangu mwaka 1983 hiyo ni thamani iliyowekwa, kiasi kwamba urefu wa mita wenyewe unafafanuliwa kwayo. Tukizungusha kidogo, mwanga kwenye ombwe unakwenda mita 300 kwa mikrosekunde, na 0.66 yake ni mita 198. Zidisha 4.13 kwa 198, gawa kwa 2, utapata 409. Mashine haikukosea kuhesabu.

Namba 0.66 haina ubaya wowote pahala pake. Ni sahihi kabisa kwa kebo ya antena ambayo kati ya waya wa ndani na wavu wa nje imejazwa poliethilini tupu, na kazi kubwa ya kampuni ile ilikuwa kebo za televisheni za mahoteli. Mashine ilitoka hotelini ikaja kwenye pampu na namba ileile.

Lakini kwa nini kebo mbili, zote za shaba, ziwe na mwendo tofauti? Hili ndilo swali ninalotamani kila mwanafunzi wa fizikia aulizwe, kwa sababu jawabu lake linapindua picha ambayo wengi tunayo vichwani. Tunadhani umeme unakimbia ndani ya shaba, na kwa hivyo shaba ndiyo inayoamua kasi. Elektroni za shaba, mkondo unapopita, husogea polepole mno, kwa kawaida chini ya milimita moja kwa sekunde. Kinachokimbia ni wimbi la sumakuumeme, uga wa umeme na uga wa sumaku zinazosafiri pamoja, na uga huo haumo ndani ya shaba. Umo katika nafasi iliyo kati ya waya mmoja na mwengine, au kati ya waya na vyuma vya kinga. Kwenye kebo, nafasi hiyo imejaa plastiki. Shaba inalionesha wimbi njia ya kupita, na plastiki ndiyo inayoamua mwendo wake.

Plastiki inalicheleweshaje? Kila molekuli ina chaji chanya na hasi ndani yake. Uga wa wimbi unapofika, chaji hizo huvutwa, hizi upande huu na zile upande ule, na kila uga unapogeuka nazo hugeuka. Chaji inayoyumba hutoa wimbi lake yenyewe, lililo nyuma kidogo ya lile lililoiyumbisha. Kinachosonga mbele ndani ya kitu ni jumla ya wimbi la asili na mawimbi yote hayo madogo, na jumla hiyo husafiri polepole kuliko wimbi lililo peke yake kwenye ombwe. Marudio ya wimbi kwa sekunde hayabadiliki linapoingia kwenye kitu kipya. Linalofupika ni urefu wa wimbi.

Kadiri molekuli zinavyoitika kwa nguvu, ndivyo kasi inavyoshuka, na mwitiko huo una kipimo kiitwacho namba ya dielektriki. Chukua mwendokasi wa mwanga kwenye ombwe, ugawe kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo, umepata mwendokasi wa wimbi ndani ya kihami, yaani ile plastiki inayozuia umeme usitoke kwenye waya. Poliethilini ina 2.3 hivi. Kipeuo chake cha pili ni 1.52, na moja gawa kwa 1.52 ndiyo ile 0.66 ya kebo za antena. Poliethilini ikijazwa vipovu vya hewa, kama ilivyo kwenye kebo nyingi za kisasa za dishi, kasi hupanda hadi 0.8 na zaidi, kwa kuwa hewa yenyewe ina namba inayozidi 1 kwa kiasi kidogo sana. PVC, plastiki nyengine inayotumika kwenye kebo, ni jambo jengine. Molekuli zake zina klorini, na klorini huvuta elektroni upande wake, kwa hivyo kila kipande cha mnyororo wa PVC tayari kina upande wa hasi na upande wa chanya kabla hata uga haujafika. Inaitika zaidi. Kebo ya umeme yenye kihami cha PVC mara nyingi huonesha kasi karibu na nusu ya ile ya ombwe, na hilo ni sawa na kusema namba ya dielektriki ni 4 hivi.

Maji ndiyo yenye mambo. Kwa pigo la TDR, maji safi yana namba karibu na 80. Kipeuo cha pili ni takriban 9, kwa hivyo wimbi ndani ya maji linakwenda mita 33 tu kwa mikrosekunde. Lakini mwanga wa jua unaopenya maji ya kisima hichohicho unakwenda mita 225 kwa mikrosekunde, robo tatu ya kasi ya ombwe. Maji ni yaleyale na mawimbi ni ya aina moja, ila yametofautiana kwa marudio. Molekuli ya maji ina upande wa chanya na wa hasi, na kwenye pigo la TDR inapata wasaa wa kugeuka mwili mzima kuufuata uga. Mwanga unaoonekana hugeuza uga wake mara trilioni mia kadhaa kwa sekunde. Molekuli haiwahi kugeuka, elektroni zake nyepesi tu ndizo zinazoitika, na mwitiko wote unapungua. Anayeuliza kasi ya mawimbi haya kwenye maji ni ngapi bila kutaja marudio, hajamaliza kuuliza. Naona vitabu vyetu vya skuli vinatoa namba ya mwanga peke yake na kumwacha mwanafunzi aamini ndiyo namba ya maji. Siku akikutana na kebo iliyoloa, hana pa kuanzia.

Na wakati mmoja swali la mwanga majini lilikuwa na uzito mkubwa zaidi ya kebo. Newton aliamini mwanga ni chembe, na kwa hesabu yake chembe zingepaswa kwenda haraka zaidi ndani ya maji kuliko hewani. Waliosema mwanga ni wimbi walitarajia kinyume chake. Mwaka 1850 Léon Foucault, kwa kioo kinachozunguka, alionesha mjini Paris kwamba mwanga huenda polepole majini. Miaka 15 baadaye James Clerk Maxwell alichapisha milinganyo yake, na ikawa wazi kuwa mwanga na pigo la umeme kwenye kebo ni jamaa moja.

Turudi kijijini. Kosa lipo kwenye 0.66, lakini mimi sioni kwamba hilo ndilo kosa kubwa. Mtu yeyote anaweza kusahau kubadilisha namba. Kosa kubwa ni kwamba walipima waya mbovu peke yake. Kwenye kebo ile kulikuwa na waya nyengine nzima, na kutuma pigo kwenye waya mzima ni kazi ya dakika chache. Waya mzima unaonesha mwisho wa kebo, na mwisho wa kebo kila mtu anaujua uko wapi: kwenye nyumba ya pampu. Waya wenye shoti hauwezi kutoa habari hiyo, maana shoti hurudisha karibu pigo lote, na kinachopita kwenda mbele hakiwezi kusomeka.

Ni yule msaidizi aliyeomba, jointi ilipokutwa nzima, kwamba wapime waya mzima. Pigo lilirudi kutoka mwisho baada ya mikrosekunde 8.00. Kwa 0.66 hiyo ni mita 792. Kebo yenyewe ina mita 640, na mashine ilikuwa ikidai inaisha mita 152 nje ya nyumba ya pampu, vichakani. Kama kipimo hiki kingefanywa cha kwanza, hakuna ambaye angegusa mtaimbo kwa ajili ya ile 409.

Fundi mkuu, kwa haki yake, alikubali mara moja alipoiona. Akafanya hesabu ambayo mafundi wengi wa kebo huifanya, na ambayo haihitaji kujua kasi kabisa. Muda wa shoti ni 4.13, muda wa kebo nzima ni 8.00, kwa hivyo shoti ipo kwenye 4.13 gawa kwa 8.00 ya safari. Zidisha kwa 640, utapata takriban mita 330. Jioni hiyo wakapima juu ya ardhi, wakatia alama ya chokaa, kazi ikaachwa hadi kesho yake.

Hesabu hii ni nzuri na ina sharti moja: kebo iwe ya namna moja toka mwanzo hadi mwisho. Usiku kijana akiangalia picha zake aliona jambo ambalo watu wote waliosimama shimoni walilitazama bila kulitia maanani. Maandishi kwenye gamba la kebo inayotoka barabarani yalisema PVC. Maandishi kwenye gamba la inayokwenda pampuni yalisema XLPE, yaani poliethilini ambayo minyororo yake imefungamanishwa ili istahimili joto. Aliyezika kebo hii aliishiwa na ya kwanza akaendelea na nyengine aliyoipata, na jointi ndiyo mpaka wao.

Picha ilionesha kitu cha pili. Kebo nyingi huchapwa namba ya mita kwenye gamba, mita moja baada ya nyengine. Kwenye jointi gamba la PVC lilisomeka 412, na asubuhi walipofungua kabati la barabarani namba ya mwanzo ilikuwa 12. Basi kipande cha PVC kina mita 400 kamili za kebo, pamoja na mikunjo na mizunguko yake yote, na hakuna haja ya kuamini mchoro.

Sasa jointi, ambayo haikuwa na hatia, ikawa na faida. Palipobadilika kebo hata bila ubovu, sehemu ndogo ya pigo hurudi, na kwenye waya mzima walipoitafuta waliiona: kinundu kidogo kwenye mikrosekunde 5.33. Mita 400 kwenda na 400 kurudi ni 800. Gawa kwa 5.33, unapata mita 150 kwa mikrosekunde, nusu ya kasi ya ombwe, kama PVC inavyotarajiwa. Kipande cha pili kina mita 240, kimetumia 8.00 kutoa 5.33, yaani mikrosekunde 2.67. Mita 480 gawa kwa 2.67 ni mita 180 hivi kwa mikrosekunde, au 0.60.

Msomaji makini ataniuliza kwa nini XLPE itoe 0.60, wakati poliethilini tulisema ni 0.66. Uga kati ya waya na vyuma vya kinga haupiti kwenye kihami cha waya pekee. Unapita pia kwenye tabaka la chini ya vyuma, ambalo kwa kebo za aina hii ni PVC mara nyingi, na kwenye vijazio vilivyo kati ya waya. Wimbi linaona mchanganyiko, na kasi yake inaangukia katikati. Kwa hivyo hata aliyesoma neno XLPE kwenye gamba na kuingiza 0.66 angekosea, japo si kwa kiasi kile. Namba za vitabuni zinasaidia kukisia. Kebo iliyo mbele yako unaipima.

Shoti ilirudi kwenye 4.13, kabla ya 5.33 ya jointi, kwa hivyo imo ndani ya PVC. Zidisha 4.13 kwa 150, gawa kwa 2: takriban mita 310. Kutoka 409 tumefika 330, na kutoka 330 tumefika 310. Mita 20 za mwisho zinaweza kuonekana ndogo kwa anayesoma kitini. Kwa jiwe lile ni siku za kazi.

Hawakuridhika na upande mmoja, na hapo naona ustadi. Walihamisha mashine hadi nyumba ya pampu wakapima waya mbovu kutoka huko. Pigo lilirudi baada ya mikrosekunde 3.87. Ndani yake, 2.67 zimetumika kwenye XLPE kwenda na kurudi, zinabaki 1.20 kwenye PVC, na kwa kasi ya 150 hiyo ni mita 90 kabla ya jointi. Mia nne kutoa 90 ni 310. Na 4.13 ukijumlisha na 3.87 unapata 8.00 bila kubaki kitu.

Alama ya chokaa ya mita 330 haikuguswa. Kutoka kabatini, mita 310 za kebo zina maana namba ya gamba iwe karibu na 322. Juu ya ardhi walichagua mahali wakikisia mikunjo, na kabla ya kuchimba kijana alimwuliza mlinzi wa pampu, mzee anayeijua njia ile kwa miguu.

"Ami, hapa pamewahi kuchimbwa siku za karibuni?"

"Hapo hapo hapana, mwanangu. Ila huo uzio, nguzo zake zilitiwa kabla ya vuli. Walipiga mtaimbo siku mbili."

Walifungua dirisha dogo, yaani shimo dogo la kuitazama kebo, karibu na uzio wakasoma gamba: 319. Wakasogea mbele mita mbili, wakaikuta. Ncha ya mtaimbo ilikuwa imechana gamba la nje na kukwaruza vyuma kwenye alama ya 321. Mvua za vuli ziliingia pole pole, vyuma vikaota kutu, PVC ya waya wa fezi ikaliwa hadi umeme ukapata njia. Kati ya mita zilizohesabiwa na zilizopatikana tofauti haikufika mita moja na nusu. Aliyetia nguzo hakujua kuna kebo, kwani hapakuwa na tofali za alama wala utepe wa tahadhari juu yake, na kwangu lawama ya jeraha lenyewe inaanzia kwa aliyefukia mtaro bila kuweka hata kimoja.

Mashimo haya ni madogo ukiyalinganisha na kebo nyengine zinazoigusa Zanzibar. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ilifika hapa kutoka Aden ikaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban, shaba iliyofungwa kwa guta-pacha, utomvu wa miti ya Asia. Kwenye kebo ndefu kama ile mwendo wa ishara haukutegemea kihami peke yake. Mwanafizikia William Thomson alikuwa ameshaonesha katika miaka ya 1850 kwamba ukinzani wa shaba pamoja na uwezo wa kebo kuhifadhi chaji huifanya ishara itapakae, na kucheleweshwa kwake hukua kwa mraba wa urefu: kebo ikiwa ndefu mara mbili, ucheleweshaji ni mara nne. Umeme wetu wa leo nao unavuka bahari kutoka Bara hadi Fumba, na aliyekuwa Unguja anakikumbuka kiza cha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme huo. Katika kebo ya makumi ya kilomita, kosa la asilimia moja katika mwendokasi kwenye kila kilomita 10 ni mita 100 za chini ya bahari, na meli ya kutengenezea kebo hulipiwa kwa siku. Kwa kebo za nyuzi za mwanga kazi ni nyepesi kidogo, kwa sababu kioo chake kinajulikana vizuri: kasi ya mwanga ndani yake ni ile ya ombwe ikigawiwa kwa 1.468 hivi, karibu mita 204 kwa mikrosekunde, na nyuzi za kiwanda hiki na kile hazitofautiani sana. Hapo tatizo kubwa huwa kwamba uzi umesokotwa ndani ya kebo, kwa hiyo ni mrefu kuliko kebo yenyewe.

Limebaki suala la fedha, ambalo liliwagawa watu. Kampuni ilidai malipo ya kuchimba jointi. Kamati ikasema haiwezi kulipia shimo la makosa. Wapo waliosema shimo lile ndilo lililotoa kipimo kilichofanikisha kazi, kwa hivyo lina thamani yake. Mimi nasimama na kamati. Jointi ilifaa kama alama kwa sababu kijana alipiga picha na kusoma gamba, na mchoro wa kamati ulishasema iko wapi. Angetakiwa kuifikia, angeifikia kwa dirisha dogo, baada ya kupima waya mzima kwanza. Kazi ya vijana wa kijiji waliopiga nyundo kwa ajili ya namba ya kebo ya antena ilistahili kulipwa, na aliyestahili kuilipa ni aliyewapa namba hiyo. Mwishowe waligawana nusu kwa nusu.

Kipande kilichoharibika kilikatwa, mita 4 za XLPE zikawekwa mahali pake kwa jointi mbili mpya. Kwa kuwa XLPE ina kasi zaidi, kebo nzima sasa inapaswa kutoa 7.99 badala ya 8.00, na walipoipima ndivyo ilivyotoa. Kijana ameandika kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki, ndani ya mlango wa kabati: namba za gamba, jointi zote tatu, 150 kwa PVC, 180 kwa XLPE, na mwezi wa kipimo. Tofali za alama zimewekwa juu ya mtaro toka barabarani hadi uzioni. Kipande cha kutoka uzioni hadi pampuni kinasubiri mchango mwengine.